Hita ya mafuta kwa chumba cha mtoto: baridi ya Njombe imenishinda, naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mtanga Mgeni

Wakuu habari za usiku. Mimi ni mtu wa Tanga, kazi imenileta Njombe mwaka jana mwezi wa kumi, nikafika nikaona hali ya hewa safi kabisa nikasema hawa watu wanalalamika nini, kumbe sijakutana na mwezi wa sita. Sasa ivi naandika hapa nimevaa soksi mbili na koti ndani ya nyumba. Wife amejifungua, mtoto ana wiki sita na kila usiku pua inaziba. Nina kipimajoto kile cha kutundika ukutani, juzi saa kumi alfajiri kilisoma nyuzi 11, tena chumbani, sio nje.

Mama mkwe ametoka Makete kuja kulea mjukuu, na yeye suluhisho lake ni jiko la mkaa liingie chumbani likae juu ya sinia. Nikakataa, akaniambia watoto wake saba wote wamekua hivyo hivyo na hakuna aliyekufa. Kwa hiyo humu ndani kuna baridi mbili.

Nimepita madukani nimeona zile hita za mafuta zenye mapezi kama redieta ya gari. Kuna za mapezi 7, 9, 11 na 13. Muuzaji ananiambia chukua ya 13 ndio inakula umeme kidogo kwa sababu mafuta yanatunza joto. Duka la pili wana za feni, ndogo, bei chee. Chumba ni futi 11 kwa 12, bati juu, silingi bodi ipo. Naomba kujua mapezi mangapi yanatosha, inakula yuniti ngapi, na mafuta yanabadilishwa baada ya muda gani. Nawasilisha.

Kipara Moto

Siti ya mbele kabisa. Ngoja waje wajuzi.

Nesi Mstaafu

Kijana wangu hongera kwa mtoto. Kabla ya mapezi tuongee hilo jiko. Usilegeze. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na mkaa ukishaiva ukawa mwekundu bila moshi ndipo watu wanadhani umekuwa salama, kumbe hewa ile bado inatoka. Watu wanalala hawaamki. Kila kipindi cha baridi tunasikia habari hizo.

Na kwa mama mkwe usiende na maneno ya hospitali, hatakuelewa na utaonekana unamfundisha. Mwambie hivi: mama, nyumba uliyolelea watoto ilikuwa wazi juu, moshi unatokea kwenye paa na upepo unapita, hii yangu ina silingi, dirisha la aluminiamu na pazia zito, hewa haina pa kutokea. Mimi ni mtu wa huko huko milimani, na hoja ya nyumba wazee wanaielewa haraka.

Fundi Nguzo

Mkuu nianze na swali la mwisho maana limenichekesha kidogo, samahani. Mafuta hayabadilishwi. Yamefungwa humo kiwandani na hayaungui, kazi yake ni kubeba joto tu. Chini kuna koili, inapasha mafuta, yale ya moto yanapanda kwenye mapezi, yakipoa yanashuka tena chini, basi. Siku ukikuta tone la mafuta sakafuni ujue hita imekufa, usiiwashe na usimpe mtu wa kuchomelea akakuzibie.

Hilo la mapezi 13 kula umeme kidogo ni maneno ya dukani. Yuniti moja ikiingia kwenye hita ya mafuta, ya feni au ya zile nyaya nyekundu, joto linalotoka ni lile lile. Tofauti ni namna linavyokufikia. Ya feni unapata joto dakika ile ile, ukizima baridi imerudi, na inapiga kelele na kurusha vumbi, kwa mtoto mwenye pua inayoziba hapana. Nyaya nyekundu zinamchoma aliye mbele, aliye nyuma anatetemeka. Ya mafuta ni mvivu, utasubiri nusu saa ndio uanze kuona matunda, lakini ikishashika imeshika, kimya, haina mwanga, na ukizima bado inatoa joto kwa muda. Kwa watu wanaolala ndio yenyewe. Kwa mtu anayetaka joto la dakika tano akitoka kuoga ni kutupa hela.

Saizi sasa. Chumba chako ni kama mita za mraba 12. Watu wa mambo haya wanakadiria wati 100 kwa mita moja ya mraba kama silingi ipo na haijapaa sana, kwa hiyo wewe unahitaji 1,200 hivi. Chukua mapezi 9, nyingi ni wati 2,000 na zina swichi mbili zinazokupa hatua tatu, mfano 800, 1,200 na 2,000. Unaanza na kubwa chumba kikiwa cha baridi halafu unashuka. Ya 13 inafika mpaka 2,500, kwa chumba hicho ni kubwa bure na ni nzito kuisukuma.

Nunua yenye thamostati, yaani kile kidhibiti joto, ya kuzungusha kwa mkono, achana na za skrini na rimoti. Umeme ukikatika saa nane usiku ukarudi saa tisa, ile ya kuzungusha inaendelea pale ilipoishia. Za skrini nyingi zinabaki zimezima zinasubiri ubonyeze, wewe umelala. Na hakikisha ina swichi ya kujizima ikianguka. Jaribu pale pale dukani, washa, inamishe kidogo, lazima ikate.

Mzee wa Luku

Fundi amemaliza upande wake, mimi nije kwenye maumivu. Mtanga upo tarifu gani, yaani daraja gani la bei ya umeme? Kama uko ile ya kawaida, shilingi 292 kwa yuniti, ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (wasimamizi wa nishati) 1 inakuja 356 na senti. Hita ikiwaka kwenye 2,000 bila kukata, saa moja ni yuniti mbili, shilingi 712. Ila thamostati inakata na kurudi, tuseme usiku mmoja wa masaa tisa inakula yuniti tano. Hapo ni 1,780 kwa usiku, mwezi mzima 53,000 na ushee. Hiyo ni hita peke yake, hujachemsha chai.

Lakini swali langu kubwa ni hili: kama uko kwenye ile tarifu ya wanyonge, ile ya shilingi 100 mwisho yuniti 75 kwa mwezi, hita inazimaliza siku 15 tu. Za juu ya 75 unalipia 350 na makato yake juu, na ukiendelea hivyo miezi unahamishwa kabisa, kurudi ni mlolongo. Watu wanahesabu bei ya hita wanasahau hii.

Mtanga Mgeni

Daah. Mzee umenigusa pabaya. Nyumba ya kupanga, luku (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja tuko wapangaji wawili, mimi na mwalimu mmoja wa sekondari ana familia. Na ndio, ni hiyo ya mia moja. Tunachanga nusu kwa nusu.

Mzee wa Luku

Basi ndugu yangu usinunue hita, nunua ugomvi moja kwa moja 😂

Kipara Moto

😂😂😂 nimecheka mpaka mke kaamka

Mzee wa Luku

Natania, ila tengeneza kabla haijaharibika. Nenda kwa mwalimu mwambie ukweli kwamba kipindi cha baridi utatumia zaidi. Weka mita ndogo ya kwako ndani, zile za kupima matumizi, fundi anaifunga nusu saa. Na mkitoka kwenye tarifu kwa ajili yako, hiyo tofauti ni yako, usimgawie mwenzio.

Shangazi wa Leicester

Jamani salam kutoka Leicester. Huku hizi hita tunazo karibu kila nyumba ya Mswahili, maana gesi ya kupasha nyumba nzima unaitazama unaiacha, unapasha chumba kimoja unacholala, vingine unapita mbio. Kwa hiyo nina miaka na kitu hiki.

Mwanangu usipashe chumba kama bekari. Huku wakunga wanatuambia chumba cha mtoto kiwe nyuzi 16 mpaka 20, zaidi ya hapo mtoto anapata joto kupita kiasi na hiyo nayo ni hatari kwa mchanga. Wewe unataka kuitoa 11 kuifikisha 18, sio 25. Na mtoto asirundikiwe mablanketi kisa hita ipo au haipo.

Thamostati yake haina namba za joto, ina 1 mpaka 6 au mstari tu kutoka mdogo kwenda mnene. Namna ya kuitega: zungusha mpaka mwisho, kaa na kipimajoto chako mpaka kisome 18, halafu irudishe pole pole mpaka usikie "tik". Acha hapo hapo. Mimi yangu niliweka alama kwa rangi ya kucha, mpaka leo sijaigusa.

Na isiwekwe chini ya soketi wala karibu na pazia, na waya wake usipite juu ya mapezi.

Nyandarua Mbichi

Huku kwetu Kinangop pia si mchezo, mwezi wa saba asubuhi nyasi ni nyeupe kwa baridi kali. Wacha niwaambie kitu kilinipata. Nilinunua hita ya mapezi 11, soketi ya bedroom iko mbali na kitanda so nikachomeka kwa extension ile ya kawaida ya kuchaji simu, matundu manne. Siku tatu poa. Ya nne tukasikia harufu kama ya samaki, bibi akadhani ni paka ameleta kitu. Kuguza ile extension, imelainika kama chapati na plagi ya hita imeshikamana nayo, hata kuitoa ilibidi nizime meini kwanza. Haikutoa moshi hata kidogo. Stima ilikuwa inaendelea tu kama kawaida.

Chomeka kwa ukuta direct. Period.

Na hiyo maneno ya madaraja hata huku iko, ukipita yuniti 30 bei inapanda, ukipita 100 inapanda tena. Wenye jiko la stima na hita wanalia pamoja.

Fundi Nguzo

Umesema jambo kubwa mkuu wa Kinangop. Wati 2,000 ni karibu ampea 9 mfululizo, usiku kucha. Soketi nzima inabeba 13, lakini soketi iliyolegea inachemka hata kwa hizo 9. Kuna jambo la kufanya usiku wa kwanza: baada ya saa moja shika plagi na kifuniko cha soketi kwa mgongo wa mkono. Uvuguvugu sawa. Ukiondoa mkono haraka, zima, ita fundi.

Na nyumba za kupanga nazijua mimi. Kuna mafundi wanavuta waya mwembamba wa milimita za mraba 1.5 ambao ni wa taa mpaka kwenye soketi, badala ya 2.5, kwa sababu bosi alitaka bei ndogo. Mtanga fungua kifuniko au mwite mtu akuangalizie. Aangalie na ethi pia, ule waya wa usalama unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Hita yote ni chuma, mtoto akianza kutambaa ataishika, na nyumba nyingi waya wa kijani na njano upo kwenye soketi ila nje hakuna nondo iliyochimbiwa, ni pambo tu.

Kitu kingine kwa watu wa nyanda za juu, umeme wa jioni ukishuka. Soketi ikisoma volti 180 badala ya 230, hita ya 2,000 inatoa kama 1,200 tu. Mtu anarudisha dukani anasema mbovu kumbe haijapata chakula.

Bwana Mizigo

Naongezea kwa wenye ndugu Marekani. Kaka alituma kontena la vitu, ndani kuna hita ya mafuta nzuri kabisa, haina hata mkwaruzo. Mzee nyumbani Mbeya akanunua adapta ya plagi akachomeka. Ilipiga kama bunduki. Kumbe za kule ni volti 120. Nilimuuliza fundi baadaye akanipigia hesabu: hita ya wati 1,500 ya kule ukiipa 230 ya kwetu inajaribu kuvuta zaidi ya 5,000. Bahati breka iliwahi. Geuza nyuma usome kibao, kama hakijaandika 220 mpaka 240 rudisha kwenye boksi. Adapta inabadilisha miguu tu, umeme ni ule ule.

Kijana wa Mlalo

Mimi wa Lushoto naomba kutofautiana na nyie wote. Hita ya nini? Blanketi la umeme ni wati mia hivi, usiku mzima hata yuniti haifiki. Chupa ya maji moto miguuni. Mnamchosha mwenzenu na mahesabu.

Nesi Mstaafu

Kwa watu wazima nakuunga mkono kabisa mwanangu, mimi mwenyewe nalala na chupa. Kwa mtoto wa wiki sita hapana, si blanketi la umeme si chupa kitandani kwake. Hawezi kujisogeza wala kulitupa likizidi.

Kijana wa Mlalo

Nimeelewa mama. Nilikuwa nawaza mimi na kitanda changu 😅

Mama Pili wa Iringa

Hamjagusa nyumba. Mtanga hebu leo usiku zima taa zote, washa tochi ya simu chini ya mlango mtu akae upande wa pili. Utaona mwanga unapita kama mferejini. Na kona ya silingi bodi ilipokutana na ukuta, mafundi wanaacha mwanya wa kidole, joto lote linapanda kuwapashia popo. Mimi kwangu nilinunua mapezi 11 kwanza nikaona haifanyi kitu, nikawalaani waliouza, baadaye nikaziba mwanya na jipsamu, nikashona mfuko wa mchanga wa kulaza mlangoni, nikaongeza pazia zito liguse sakafu. Hita ile ile ikawa naizima saa saba naamka chumba bado kinavumilika. Siku hizi nimempa dada, nimebaki na ya 7.

Msizibe dirisha lote lakini, wacha pumzi kidogo. Na nakuonya, mtakuja kuanika nepi juu ya hiyo hita. Najua. Njombe mwezi wa sita nepi zinakaa kambani siku tatu na ukungu. Usifunike. Ikifunikwa joto halina pa kwenda, kama kinga yake ya ndani ni nzima itazima, kama sio nzima utajua. Weka kiti cha mbao pembeni kama hatua moja, anika hapo.

Mtanga Mgeni

Wakuu mrejesho, wiki mbili zimepita samahani nilikuwa bize na huyu mtu mdogo.

Nilianza na tochi ya Mama Pili. Aisee. Chini ya mlango vidole viwili vinapita. Nikanunua mpira wa mlango, na mwanya wa silingi nikaziba na jipsamu mwenyewe, ukutani nimeharibu haribu kidogo lakini mwenye nyumba haishi huku. Usiku ule bila hita kipimajoto kilisoma 13 badala ya 11. Nikajua nyie watu sio wa mchezo.

Nikamwita fundi akafungua soketi. 2.5 ipo namshukuru Mungu, ila ethi ilikuwa imekatwa kule nje, nondo ipo waya umeliwa. Akarudishia. Mwalimu nilimwendea jioni na soda, nikamweleza, akaniambia alikuwa anawaza jinsi ya kuniambia kuwa na yeye anataka friji. Tumefunga mita ndogo.

Hita nimechukua ya mapezi 9, ya kuzungusha. Sasa maswali mawili. Usiku wa kwanza ilinuka kama rangi inaungua, halafu inapiga "kta, kta" kama mtu anavunja karanga, mama mkwe akasema ina jini. Kawaida? La pili, matairi hayakuwa yamefungwa, nimeilaza chini nikafunga zile skrubu za masikio, nikaisimamisha nikawasha hapo hapo. Nimeharibu?

Fundi Nguzo

Harufu ni rangi mpya na vumbi la ghala, siku mbili inaisha, fungua dirisha ukiiwasha mara ya kwanza na mtoto awe chumba kingine. Kta kta ni chuma kinatanuka. Kuilaza dakika chache sio kesi, ila ikisafirishwa imelala kutwa nzima kwenye basi, isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuwasha mafuta yarudi chini yaifunike koili.

Mzee wa Luku

Mita ndogo inasema nini? Usituzungushe.

Mtanga Mgeni

Nilijua utauliza mzee. Usiku tisa, kuanzia saa tatu mpaka saa kumi na mbili, yuniti 38 na nukta kidogo. Usiku ninaanza na 2,000 kama nusu saa, halafu nashusha 1,200, alama ya rangi ya kucha kama alivyosema Shangazi, chumba kinakaa 17 au 18. Kwa hiyo ni kama yuniti nne na robo kwa usiku. Tumeshatoka kwenye 75, najua, mwezi huu naulipa mimi.

Mzee wa Luku

Kwa bei kamili hiyo ni kama 1,500 kwa usiku. Umenishinda, nilisema tano.

Nesi Mstaafu

Na pua ya mjukuu?

Mtanga Mgeni

Imefunguka kiasi, bado asubuhi inakuwa kavu kidogo, tunamtilia yale matone ya maji ya chumvi aliyopewa kliniki. Analala masaa manne mfululizo. Sisi pia.

Kipara Moto

Mama mkwe na jini lake je?

Mtanga Mgeni

Amehamishia kiti chake chumbani kwa mtoto. Jana nimemkuta amevua kitenge cha pili ananiambia hiki kitu ni kizuri, ila hakichomi hindi.

Mama Pili wa Iringa

Na nepi ziko wapi?

Mtanga Mgeni

Ziko kwenye kiti, hatua moja. Juu ya hita nilikuta soksi zake mbili tu, nimezitoa kimya kimya.